Manowari ya Mwana wa Mfalme na Shilingi ya Bibi wa Kiomboi

Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya merikebu ya vita, na najua kwamba mtu asikiaye neno hilo hapa Kiomboi, juu ya nyanda za Iramba, ambako mvua ikikawia kina mama hutoka alfajiri kutafuta maji ya kunywa, ana haki ya kustaajabu na kuuliza sisi na bahari wapi na wapi. Wengi wetu chombo kikubwa tulichopata kukipanda majini ni mtumbwi wa wavuvi wa Ziwa Kitangiri, ambao ukishapakia watu wanne na kapu la samaki mwenyewe huanza kuwasihi abiria watulie wasije wakazama. Hata hivyo nawaomba mnisikilize, kwa maana sababu ya kuichagua habari hii sikuipata pwani. Niliipata hapahapa kwetu, ndani ya kopo.

Siku chache zilizopita nilikwenda kumjulia hali bibi mmoja jirani yangu, mtu mzima sana, ambaye umri umempa haki ya kuketi kivulini na kuhudumiwa. Katika kutafuta karatasi yake ya hospitali alinituma nitoe chini ya kitanda kopo la bati lililoshika kutu, akalimimina juu ya mkeka: vifungo vya shati, kufuli lisilo na ufunguo, senti za shaba zilizotobolewa katikati, zile ambazo wazee wetu walikuwa wakizitunga katika uzi kama shanga wasizipoteze, na shilingi moja nyeupe iliyosagika kingo. Upande mmoja wa shilingi hiyo amesimama simba, na nyuma yake milima. Upande wa pili kipo kichwa cha mtu mwenye ndevu na taji. Niliisogeza dirishani penye mwanga, nikalisoma jina lake lililochongwa kwa Kilatini kuzunguka kichwa: ni George wa Tano, Mfalme wa Uingereza. Bibi alikuwa ameitunza shilingi hiyo kwa karibu umri wake wote, lakini nilipomwuliza huyu ni nani, alinijibu kwa utulivu kwamba hamjui.

Mtu huyo mwenye ndevu, kabla hajaota ndoto ya kuwa mfalme, alikuwa nahodha wa manowari ndogo iitwayo Thrush. Na manowari hiyo, miaka mitano baada ya yeye kukabidhi usukani kwa wengine, ilitia nanga mbele ya jumba la Sultani wa Unguja na kufanya kazi ambayo habari zake husomwa hata leo madarasani. Basi nikarudi nyumbani nikiwa na fikra nyingi, na ninayowaletea leo ndiyo matunda yake.

Thrush iliteremshwa majini tarehe 22 Juni 1889 katika mji wa Greenock, Uskoti, penye maji ya mto Clyde, mto ambao katika zama zile ulikuwa ukizalisha merikebu kama shamba lenye rutuba lizalishavyo nafaka. Ilikuwa na uzito wa tani 805 na urefu wa futi 165, yaani kama nusu ya uwanja wa mpira. Mbavu zake zilikuwa za chuma cha pua, ngozi yake ya nje ilikuwa ya mbao, na sehemu ya chini ikafunikwa mabati ya shaba ili wadudu wa bahari za joto, watoboao mbao kama mchwa atoboavyo nguzo, wasipate mlango. Ilikuwa na mashine ya mvuke, na ilikuwa na milingoti na matanga pia, kwa sababu makaa ya mawe hayakupatikana kila bandari, na silaha zake kubwa zilikuwa mizinga sita ya inchi nne. Manowari za namna hiyo zilikuwa tisa, na zote zilipewa majina ya ndege: mojawapo, Sparrow, ni jina la shomoro, na Thrush ni jina la ndege mdogo wa Ulaya asifiwaye kwa uzuri wa sauti yake.

Ni vema tufahamu chombo kama hicho kiliundwa kwa kazi gani. Hakikuundwa kupigana na manowari kubwa za Ufaransa wala za Urusi, maana mbele ya hizo kisingedumu saa moja. Kiliundwa kwenda mbali na kukaa mbali, kuingia katika vina vifupi vya midomo ya mito na hori za pwani ambako merikebu kubwa hupwelewa, kubeba barua za mabalozi, kuwinda majahazi ya watumwa, na kutia nanga mbele ya mji wowote ambao mtawala wake amekataa neno aliloambiwa. Katika dola ya Malkia Victoria, iliyokuwa na makoloni katika kila bahari, manowari ndogo kama hizi ndizo zilizokuwa askari wa doria. Sheria iliyotungwa London ilipanda ndani yake, ikasafiri miezi, ikashuka mahali ambapo hakuna mtu aliyeulizwa rai yake.

Mwaka 1890 Thrush ilikabidhiwa kwa George, mjukuu wa Malkia Victoria, kijana ambaye hakuwa mrithi wa kwanza wa kiti cha ufalme na kwa hiyo alikuwa amelelewa awe baharia. Aliiongoza hadi Amerika ya Kaskazini na visiwa vya Karibi, akarudi kwao mwaka 1891. Na mwezi Januari 1892 kaka yake, Albert Victor, akafariki dunia, na kwa mauti hayo mdogo mtu akaondolewa katika njia ya bahari akawekwa katika njia ya kiti cha enzi, ambacho alikikalia mwaka 1910. Huyu hakuwapo Unguja mwaka 1896, wala si haki kumhesabia yaliyotendwa na waliomfuata. Lakini mwanadamu huacha alama katika chombo, na chombo huacha alama katika mwanadamu, na dola ile iliyowaunda wote wawili ilikuwa moja.

Sasa natugeuke tuitazame bandari ya Unguja. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga kisiwa kile kikang'oa minazi na mikarafuu na kuvunja merikebu za Sultani Barghash bin Said. Ili kujaza pengo, Sultani aliagiza Uskoti merikebu mpya iitwayo Glasgow, iliyokamilika mwaka 1878 mjini Dumbarton, mji ulio jirani na maji yaleyale ya mto Clyde ambayo miaka kumi na moja baadaye yalipokea Thrush. Malkia Victoria aliipa zawadi ya mizinga saba midogo, ya aina ambayo hata wakati ule ilikuwa ikipitwa na zama. Merikebu hizi mbili, moja ya Sultani na moja ya Malkia, zilikuwa watoto wa mto mmoja, na zikaja kukutana katika bandari moja, zikitazamana kama maadui.

Sipendi kusema nusu ya ukweli na kuificha nusu nyingine. Manowari za Kiingereza zilipotishia mwaka 1873 kuuzingira mji wa Unguja, tishio hilo ndilo lililomfanya Sultani Barghash atie sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, na hakuna mtu wa bara, ambaye babu zake walikuwa wakiswagwa kwa minyororo kuelekea pwani, awezaye kulilia soko lile. Lakini mzinga hauna dini wala dhamiri. Mzinga uliotumika kufunga soko la watu ulikuwa tayari pia kufunga mdomo wa nchi, na aliyeushika hakuhitaji kubadili chochote ila amri.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na kabla jua halijatua Khalid bin Barghash, mwana wa Sultani yule aliyeagiza Glasgow, alikuwa ameingia jumbani na kujitangaza mrithi. Unguja ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza tangu mwaka 1890, nao walishikilia kwamba hakuna atakayekalia kiti kile bila ridhaa yao. Mtu waliyemtaka wao alikuwa Hamoud bin Mohammed. Wakati huo Thrush ilikuwa tayari imetia nanga bandarini pamoja na manowari nyingine, Philomel. Jioni ikaja Sparrow, kesho yake asubuhi ikaja Racoon, na saa 8 mchana ikawasili St George, merikebu kubwa ya Admirali Harry Rawson. Waya wa simu uliokuwa umelazwa chini ya bahari ulileta idhini kutoka London, na Khalid akapewa muda hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 Agosti awe ameshusha bendera yake na kuondoka.

Nawaombeni mwone kwa macho ya moyo asubuhi ile. Upande wa pwani yapo majumba ya kifalme yaliyokabiliana na bahari, Beit al-Hukm, Beit al-Ajaib na jumba lenyewe la Sultani, sehemu kubwa mbao, baraza ndefu na roshani; ndani yake wamejaa watu wapatao 3,000, askari wa jumba, watumishi, hata watumwa waliokabidhiwa bunduki jana yake. Mbele yao ipo mizinga michache, miwili kati yake zawadi ya Kaisari wa Ujerumani. Upande wa bahari, katika maji matulivu, zimejipanga Racoon, Thrush na Sparrow, karibu kiasi cha kuweza kuonana na walio barazani. Saa 3:02 zote tatu zikafyatua kwa pamoja, na kombora la kwanza la Thrush likaupiga mmoja wa mizinga ya Khalid na kuupindua. Dakika tatu baadaye Glasgow, chombo kikongwe chenye mizinga ya zawadi, ikaijibu merikebu ya Admirali. Na jibu lililorudi likaipasua, ikazama palepale bandarini, mabaharia wake wakiokolewa kwa mashua za wale waliowapiga. Thrush ikazamisha na vijimashua viwili vya moshi vilivyokuwa vikiirushia risasi za bunduki. Jumba likashika moto. Ilipokaribia saa 3:40 bendera ilikuwa imeangushwa na mizinga ikanyamaza.

Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, na wengi wa waliouawa walikufa kwa moto wa jumba. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja tu, naye alikuwa wa Thrush, akapona. Alasiri ileile Hamoud alitangazwa Sultani. Khalid alikimbilia nyumba ya balozi wa Ujerumani, na tarehe 2 Oktoba akachukuliwa kwa mashua ya manowari ya Kijerumani, akaishi Dar es Salaam hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1916 katika vita kuu, wakampeleka uhamishoni Ushelisheli na Saint Helena. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Waliomuunga mkono walitozwa fidia, na katika fidia hiyo ilihesabiwa gharama ya makombora waliyopigwa. Naomba mlitafakari jambo hilo kwa utulivu: mtu alipigwa kombora, kisha akaletewa hesabu ya bei yake.

Kijana mmoja wa sekondari, niliyemwuliza kama amesoma habari hizi, alinijibu kwa haraka kwamba hivyo ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38, kisha akacheka. Na mimi sikumlaumu, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo vitabu vingi visemavyo, ingawa vingine huhesabu dakika 40 na vingine 45. Lakini nilimwuliza swali moja: saa iliyopima dakika hizo ilikuwa mkononi mwa nani? Ilikuwa mkononi mwa mtu aliyesimama sitahani, aliyeandika katika daftari la chombo saa ya kuanza na saa ya kwisha. Mama aliyekwenda jioni ile Forodhani kufukua kifusi amtafute mwanawe hakuwa na saa, na kama angekuwa nayo isingemfaa, maana kwake yeye vita vilianza mizinga iliponyamaza. Ufupi wa vita hupimwa na apigaye. Apigwaye hupima kwa miaka.

Hapa ndipo penye neno langu la leo. Maisha ya Thrush tunayajua tangu kuzaliwa hadi kufa. Tunaijua siku iliyoteremshwa majini, uzito wake, idadi ya mizinga yake, jina la nahodha wake wa kifalme. Tunajua kwamba mwaka 1906 ilitolewa katika kazi za vita ikalinde pwani za kwao, kwamba katika vita kuu ilifanywa chombo cha kulaza waya za simu, kisha chombo cha kuopoa merikebu zilizozama, na kwamba tarehe 11 Aprili 1917 yenyewe iliangamia miambani karibu na Glenarm, kaskazini ya Ireland. Hata Glasgow, chombo kilichoshindwa, tunajua kwamba milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji ya bandari ya Unguja hadi mwaka 1912, ilipovunjwa na kuondolewa. Kila ubao na kila msumari una tarehe. Na wale 500, je? Wale wamebaki idadi moja tu ya kukadiria. Chombo cha mbao na chuma kimeandikiwa tarehe ya mauti yake, na wanadamu walionyonya maziwa ya mama zao, waliokuwa na majina, ndugu na madeni, wamehesabiwa kwa jumla.

Mtu wa Kiomboi asidhani kwamba habari hii ni ya watu wa pwani peke yao. Tarehe 7 Agosti 1885, miaka kumi na moja kabla ya siku ile ya Khalid, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lilelile la Barghash na kuelekeza mizinga yake, na Sultani akalazimika kukubali madai ya Wajerumani juu ya nchi za bara. Mwaka uliofuata Wajerumani na Waingereza wakagawana bara kwa kalamu, na mwaka 1890 wakaumaliza mgawanyo ule kwa mkataba mwingine. Katika mgawanyo huo ilikuwamo Iramba. Mzee wa hapa aliyekuwa akilima mtama wake siku ile hakusikia mlio wowote, kwa maana mizinga ile haikuhitaji hata kulia. Lakini kwa sababu ya merikebu asizoziona ndipo boma la Wajerumani likasimama Mkalama, na baada yao wakaja Waingereza, na kodi ya kila kibanda na kila kichwa, na shilingi yenye sura ya nahodha wa zamani wa Thrush. Iramba yetu haina bahari, lakini bahari ilitufikia.

Sasa narudi kwa bibi na kopo lake. Nilimweleza yule mtu wa kwenye shilingi ni nani, na chombo chake kilifanya nini, naye akanisikiliza kwa adabu kama mtu asikilizavyo habari za mgeni. Kisha akaichukua shilingi mkononi mwangu, akaigeuza upande wa simba, akaniambia kwamba hiyo ni shilingi ya baba yake. Baba yake alitoka hapa kwa miguu, na wenzake, kwenda kukata mkonge Tanga, ili apate fedha za kodi; alikaa huko misimu miwili, na siku aliyorudi, kodi ilipokwisha kulipwa, ikasalia shilingi moja tu, ambayo alimpa binti yake aliyekuwa mtoto mdogo, akamwambia hii usinunue kitu. Akanitajia jina la baba yake, na la babu yake, na la baba wa babu yake, akaendelea kupanda ngazi ya majina hadi nikapoteza hesabu, kwa sauti ya mtu asomaye kitabu kilichofunguliwa mbele yake. Mfalme wa robo ya dunia, aliyechongwa jina lake katika fedha, hakumjua. Na mkata mkonge ambaye hakuna daftari lililomwandika alimjua na kizazi chake chote.

Nilitoa kalamu nikamwomba aanze upya, taratibu, na safari hii nikaandika. Majina yalifika kumi na moja. Alipomaliza aliniomba nimsomee kama yapo sawasawa, nikamsomea. Akasahihisha moja, la sita, kisha akarudisha shilingi ndani ya kopo pamoja na vifungo na senti za shaba, akaniambia kile kikaratasi nacho nikitie humo. Nikakikunja, nikakitia, nikafunga kifuniko.

Wasikilizaji wangu, nyumba nyingi za Iramba zinalo kopo kama lile, na zinaye mtu kama yule, na siku zake zinahesabika.